Juisi ya kifukoni, futari zetu na bakteria wa tumboni



Ndugu msomaji, shukrani zote ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Leo katika safu yetu ya afya na usafi nataka tukae jikoni, kwa sababu kuna jambo limeingia jikoni mwetu polepole, na wengi wetu hatukumbuki hata lilianza lini. Nakusudia vile vitu vinavyotiwa viwandani ndani ya vyakula na vinywaji ili vipate rangi, utamu, uzito, au vikae muda mrefu dukani bila kuharibika. Wataalamu huviita viongezwa vya chakula. Swali letu ni hili: vikishamezwa, vinawafanya nini wale bakteria ambao Muumba amewaweka tumboni mwetu kwa faida yetu?

Nianze na kisa. Ramadhani iliyopita mama mmoja wa hapa Muyama aliniletea watoto watatu kwa mpigo, wa miaka tisa, sita na mitatu. Wote walikuwa na malalamiko ya aina moja: tumbo linajaa, linanguruma, na choo ni laini mara nne au tano kwa siku. Mama huyu alikuja na ushahidi wake. Alifungua fundo la kanga akatoa vifuko vitupu vya juisi ya unga, vya rangi ya chungwa na nyekundu, akavipanga juu ya meza yangu.

"Daktari, mimi nimeshagundua," akasema. "Ni hizi kemikali. Tazama ulimi wa huyu mdogo ulivyo."

Ulimi ulikuwa mwekundu kweli. Nikapeleka choo cha watoto wote watatu maabara. Wawili wakubwa wakaonekana na vimelea vya jiadia, ambavyo huenea kwa maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Mdogo hakuonekana na kitu. Nikamuuliza mama, "Hiyo juisi mnaichanganya na maji gani?"

"Ya ndoo, yale ya mserereko."

"Mmeyachemsha?"

Akacheka. "Sasa daktari, juisi ya moto atainywa nani?"

Ndugu msomaji, jibu hilo nimelifikiria sana. Miaka ya nyuma nyumba ile, kama nyumba nyingi za huku kwetu milimani, ilifuturu kwa uji. Uji hauliwi mbichi. Unakaa motoni mpaka unatokota, na vimelea vilivyokuwemo kwenye maji vinakufa hapo hapo. Siku uji ulipopisha njia na kifuko kikaingia, moto nao uliondoka kwenye futari. Madhara ya kwanza ya kifuko, basi, hayakutoka ndani ya kifuko bali kwenye ndoo. Natanguliza jambo hili kwa sababu nawaona watu wanaoilaumu kila "kemikali" na huku kisima chao kiko bondeni, choo kiko juu yake. Anayeogopa rangi ya juisi lakini haogopi maji mabichi ameanza kuhesabu kutoka mwisho.

Lakini mdogo je? Yule hakuwa na jiadia. Yeye hafungi, kwa hiyo alikuwa anainywa juisi ile tangu asubuhi, kikombe baada ya kikombe. Mama alipoiacha, mtoto alitengemaa ndani ya siku chache. Siwezi kuapa kwamba ni kifuko kilichomsumbua, kwani sukari nyingi peke yake huweza kuvuta maji kwenye utumbo na kuharisha. Ila kisa chake ndicho kilichotufanya mimi na mama yake tukae tukasome maandishi madogo ya nyuma ya kifuko, na huko ndiko nataka nikupeleke.

Tulichokisoma nyuma ya kifuko

Maandishi yalikuwa madogo, mengine kwa Kiingereza na mengine kwa Kiarabu, na katikati yake namba zinazoanza na herufi E: E330, E466, E171, E102, E110, E951. Hapakuwa na tunda lolote. Picha ya chungwa ilikuwa kubwa kuliko vyote, na chungwa lenyewe halikuwemo.

Nikamfafanulia mama moja baada ya moja, nami nakufafanulia wewe. E330 ni asidi ya limau, ile ile inayofanya ndimu iwe kali. E466 ni kitu kinachoitwa kaboksimethiliselulosi. Hutengenezwa kutokana na nyuzi za mimea, na kazi yake ni kukifanya kinywaji kiwe kizito kidogo ili ukidhani ni juisi ya kukamua. E171 ni titani dioksidi, unga mweupe unaofanya kinywaji kisipenye mwanga, kionekane kama kina nyama ya tunda. E102 na E110 ni rangi za manjano na chungwa za kutengenezwa maabara. E951 ni aspatemu, kikoleza utamu ambacho kiasi chake kidogo sana hutosha kuchukua nafasi ya sukari nyingi.

Vyote hivi, ukiitazama sheria, vimeruhusiwa katika nchi nyingi kwa viwango maalumu. Ila vile viwango viliwekwa zamani kwa kuuliza swali moja kubwa: je, kitu hiki kinaua au kinasababisha saratani kwa panya? Swali la kwamba kinawafanya nini bakteria wa tumboni halikuulizwa kwa uzito mpaka miaka ya karibuni, kwa kuwa bakteria wenyewe walikuwa hawajulikani vizuri.

Kiumbe mdogo na ute

Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu. Humo ndimo wanamoishi bakteria wengi kuliko mahali pengine popote mwilini. Watafiti waliohesabu upya mwaka 2016 walikadiria kwamba mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38. Hawa si wadudu wa ugonjwa. Wengi wao ni wafanyakazi. Maganda ya maharage, nyuzinyuzi za mboga, wanga mgumu wa ndizi mbichi na wa viazi vilivyopoa, vyote hivi mwili wako hauwezi kuvisaga, vinapita mpaka utumbo mpana vikiwa vizima. Bakteria ndio wanaovichachua, na katika kuvichachua wanatoa asidi fupi za mafuta. Moja katika hizo, inayoitwa butireti, ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Kwa maneno mengine, wewe unawalisha bakteria, nao wanaulisha ukuta wa utumbo wako.

Kati ya bakteria na ukuta huo pana ute. Katika utumbo mpana ute huu una matabaka mawili: la juu ni laini na bakteria wanaishi humo, la chini limebana na kwa mtu mwenye afya huwa halina bakteria, au wapo wachache mno. Fikiria nyumba yenye uzio. Jirani mwema akiwa nje ya uzio ni baraka, lakini akianza kuruka uzio usiku hata kama ni yule yule jirani mwema, wenye nyumba wataamka na mapanga. Ndivyo kinga ya mwili inavyofanya bakteria wanapousogelea ukuta: inawasha moto mdogo mdogo wa uvimbe, usiouma kama jipu, lakini usiozimika.

Sasa rudi kwenye E466. Hii ipo katika jamii ya vitu vinavyofanya mafuta na maji yakubali kukaa pamoja. Mwanamke yeyote aliyewahi kuosha sufuria yenye mawese anajua maji peke yake hayafui dafu. Akitia sabuni, mafuta yanaachia. Vitu hivi vina tabia inayofanana na hiyo, na ute wa tumboni ni kitu cha utelezi. Mwaka 2015 watafiti wa Atlanta, Marekani, walitangaza kwamba panya waliotiliwa E466 au E433 (polisobeti 80) kwenye maji yao ya kunywa walibadilika bakteria, ute wao ukawa mwembamba, bakteria wakausogelea ukuta, na panya wakapata uvimbe mdogo wa ndani, wakanenepa na sukari yao ikaharibika. Panya wasiokuwa na bakteria kabisa hawakupata madhara hayo. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba njia ya madhara inapita kwa bakteria.

Utasema, panya si mtu. Ni kweli. Mwaka 2022 wakachapisha matokeo ya watu 16 wenye afya waliolazwa na kulishwa chakula kilichopimwa. Saba kati yao walitiliwa E466 gramu 15 kila siku kwa siku 11. Aina za bakteria wao zilipungua, zile asidi fupi zenye faida zikapungua, baadhi walilalamika tumbo kuwasumbua baada ya kula, na kwa wawili katika wale saba bakteria walionekana wameingia kwenye ute wa chini. Wawili tu, na kipimo kilikuwa kikubwa mno kuliko kilichomo katika kifuko kimoja. Usinisikie nikisema kwamba glasi moja itakutoboa utumbo. Nasema mlango umeonekana, na mtoto anayekunywa kutwa nzima, mwezi mzima, na chakula chake kingine ni mandazi na soda, anakaa karibu na mlango huo kuliko mwingine.

Kuhusu E171, mwaka 2021 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilisema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama kwa kuwa haikuweza kuondoa wasiwasi kwamba inaweza kudhuru vinasaba, na mwaka 2022 nchi za Umoja wa Ulaya zikaipiga marufuku kwenye chakula. Mahali pengine bado inaruhusiwa. Kwa hiyo ukiiona, huhitaji kubishana na mtu. Rudisha kifuko rafuni.

Rangi za maabara nyingi ni za jamii moja ambayo bakteria wa tumboni huzivunja vipande vidogo, na kinachofanya kazi mwilini ni vile vipande. Mwaka 2022 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba rangi nyekundu ya E129 ikilishwa panya kwa muda mrefu huuzidisha ugonjwa wa uvimbe wa utumbo mpana. Na kuhusu watoto, utafiti wa Southampton, Uingereza, wa mwaka 2007 ulisababisha Ulaya kulazimisha, kuanzia Julai 2010, vyakula vyenye rangi sita (E102, E104, E110, E122, E124 na E129) viandikwe onyo kwamba huweza kuathiri utulivu na usikivu wa mtoto. Kifuko kile cha mama kilikuwa na mbili kati ya hizo sita. Mimi mwenyewe nilipokuwa madrasa tulinunua barafu za rangi kwenye vijimfuko, na mwenye ulimi wa kijani kuliko wenzake ndiye aliyekuwa bingwa. Sijui ustadhi wetu alikuwa anatuvumilia vipi baada ya hapo.

"Isiyo na sukari"

Bibi wa nyumba ile ile ana ugonjwa wa sukari. Wajukuu wakinywa juisi ya kawaida, yeye hununuliwa ile iliyoandikwa kuwa haina sukari, na kila mmoja nyumbani anaamini anafanyiwa ihsani. Hapa pana maneno kidogo.

Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya watu wazima 120 waliopewa vikoleza utamu kwa wiki mbili, kwa kiasi kisichovuka kikomo kinachoruhusiwa. Vikoleza vyote vinne vilibadilisha bakteria au kazi zao, na viwili, sakarini (E954) na sukralosi (E955), vilifanya sukari ya damu ipande zaidi baada ya mtu kupewa glukosi. Si kila mtu aliathirika sawa. Inategemea bakteria aliokuwa nao tangu mwanzo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likashauri watu wasitegemee vikoleza hivi kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Kwa hiyo simwambii bibi arudi kwenye sukari, hasha. Namwambia anywe maji. Na mgonjwa wa sukari anayetaka kufunga aje kwanza tuzungumze juu ya dawa zake kabla ya mwezi kuandama, si siku ya tatu akiwa amebebwa.

Na huo mwaka 2023 ndio aspatemu ilipotajwa kuwa huenda ikasababisha saratani; watu wakashtuka. Kamati ya wataalamu wa chakula iliupitia ushahidi ule ule na kuacha kikomo palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Fanya hesabu uone mtoto anavyoonewa. Mtu mzima wa kilo 60 kikomo chake ni miligramu 2,400. Mtoto wa kilo 15 ni 600 tu. Glasi ni ile ile, tumbo silo.

Pia zipo pipi na bigijii zisizo na sukari zenye sorbitoli, E420. Hii mwili haiinyonyi vizuri, inavuta maji, na anayekula nyingi ataharisha bila kuwa na ugonjwa wowote.

Si kila E ni adui, wala si kila E ni nguruwe

Kuna karatasi husambazwa misikitini, na siku hizi kwenye simu, zikiorodhesha namba za E na kusema zote zimetokana na nguruwe. Ndugu zangu, tuwe waadilifu. E100 ni manjano yale yale ya pilau. E160a ni jamii ya ile rangi inayoyafanya mawese ya Kigoma yawe mekundu. E300 ni vitamini C. E414 ni ulimbo wa mti wa hashabi, mgunga wa Sudan, nchi inayoongoza duniani kwa ulimbo huo. Nao bakteria wema wanaupenda, wanauchachua kama wanavyochachua maganda ya maharage. Huyo ni kiongezwa, na ni rafiki.

Zenye mashaka kwa upande wa halali zipo, nazo ni chache. E120 ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu waliokaushwa na kusagwa. Jelatini ya pipi laini hutoka kwenye ngozi na mifupa, mara nyingi ya nguruwe au ng'ombe, na karatasi haisemi ng'ombe huyo alichinjwaje. E471 yaweza kutoka mafuta ya mimea au ya mnyama, nayo namba haibainishi. Alama ya halali ya chombo kinachoaminika ndiyo inayosaidia hapo. Hukumu zake nawaachia masheikh. Mimi ni tabibu.

Ila ninalotaka tulione ni kwamba Qur'an inapotaja chakula katika Suratul Baqara, aya ya 168, imeyaweka pamoja maneno mawili, halali na twayyib. Sisi tumekuwa wakali sana kwenye neno la kwanza na walegevu kwenye la pili. Mtu atakataa pipi kwa sababu ya jelatini, vizuri, kisha atampa mwanawe vifuko vinne vya rangi kwa siku kwa kuwa havina nguruwe.

Chukua na E407, karajinani. Hii ni halali bila ubishi, hutokana na mwani, na mwani huo unalimwa na mama zetu wa Paje na Jambiani, Zanzibar, tangu mwaka 1989. Ukishavunwa na kukaushwa husafirishwa nje, huko hugeuzwa unga wa kukoleza uzito kwenye maziwa ya pakiti, aisikrimu na nyama za kusindikwa. Mwaka 2024 Wajerumani walitangaza matokeo ya vijana wa kiume 20 wenye afya waliopewa miligramu 250 asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Utumbo wao ulianza kupitisha vitu usivyopaswa kupitisha, na wale waliokuwa na uzito mkubwa miili yao ikawa mizito kuitikia insulini. Mwani wenyewe ukiwa baharini hauna kosa, na mkulima wake hana kosa. Kitu chema kikishachujwa, kikatolewa nje ya umbile lake na kutiwa ndani ya kila pakiti, hesabu inabadilika.

Ushahidi kutoka Moshi

Mtu anaweza kusema, haya yote ni ya wazungu. Basi sikiliza la hapa nyumbani. Watafiti wa Moshi, Kilimanjaro, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, waliwachukua vijana wa kiume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha kijijini wakapewa kwa wiki mbili chakula cha kisasa: mkate mweupe, soseji, chipsi na vya namna hiyo. Wa mjini wakapewa chakula cha asili: ndizi, maharage, bamia, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa. Matokeo yalichapishwa Aprili 2025. Waliohamia chakula cha kisasa, dalili za uvimbe kwenye damu yao zilipanda na chembe zao za kinga zikalegea mbele ya vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, dalili hizo zilishuka. Wiki mbili tu! Na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Kundi jingine katika utafiti huo lilipewa mbege, pombe ya ndizi. Hiyo haituhusu, na asitokee mtu akaifanya ndiyo hoja yake. Faida ya kuchachuliwa tunayo kwenye mtindi, na kwenye togwa ikiwa changa. Upo utafiti mwingine wa hapa hapa Tanzania, uliochapishwa 1999, ulioonyesha kwamba watoto wadogo waliopewa uji wa togwa, vijidudu vya kuharisha vilipungua kwenye choo chao. Ila togwa ikikaa siku nyingi ikaanza kuchangamsha kichwa, imwage.

Naona utafiti wa Moshi ulipima mlo mzima, si namba moja ya E, kwa hiyo hauwezi kutuambia ni soseji au ni rangi yake iliyoleta uvimbe. Kwa mama wa nyumbani hilo halipunguzi kitu. Pakiti hufanya mambo mawili kwa pamoja: inaleta vitu vinavyosumbua ute, na inachukua nafasi ya maharage yaliyokuwa yanawalisha bakteria. Na bakteria wakikosa nyuzinyuzi, imeonekana kwa panya mwaka 2016, hugeuka wakaanza kuula ute wenyewe.

Hapa Buhigwe, Kasulu na Kibondo hatujafika huko walikofika wenzetu wa mijini. Bado tunalima maharage mpaka tunauza nje ya mkoa. Muhogo tunauvundika, na majani yake (sombe) tunayapika. Inanisikitisha kumkuta mzazi ameuza debe la maharage gulioni akarudi na katoni ya biskuti na vifuko, akidhani amewapandisha watoto wake daraja.

Nisisahau jambo moja lenye madhara kwa bakteria kuliko namba zote nilizozitaja: vidonge vya rangi mbili na vingine vya kuua bakteria vinavyonunuliwa kiholela kila tumbo linapouma. Rangi ya juisi inawasumbua bakteria wema. Dawa hizo zinawachinja. Yule mama naye alikuwa ameshawapa watoto nusu dozi kabla ya kuja kwangu, na jiadia ilikuwa haikusikia lolote.

Cha kufanya nyumbani

Simtaki mtu atupe kila kitu kesho. Anza na kinywaji cha futari na cha mtoto. Chemsha maji jioni ya leo kwa ajili ya kesho, yatokote kweli kweli, yafunike yapoe kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kamulia humo ndimu au limau, au ponda nanasi, pera au embe la msimu, tia tangawizi ukipenda, sukari kidogo. Hii ndiyo "juisi baridi" aliyokuwa anaitaka yule mama, na moto umeshapita. Uji wa ulezi urudi mezani. Tende ukizipata, ni sunna na zina nyuzinyuzi. Usipozipata, ndizi mbivu na maji si haba.

Mchuzi wa maharage usiumalize ladha kwa vipande vitatu vya kiungo cha dukani. Kitunguu, nyanya, karoti na chumvi kiasi vinatosha. Kiungo hicho shida yake kubwa ni chumvi. Na magadi kwenye maharage, ambayo nayo ni kiongezwa chetu cha tangu enzi za mababu, yawe kidogo mno, hasa kwa mwenye presha.

Ukilazimika kununua cha pakiti, fungua macho kwenye mambo matatu: tarehe, orodha ya vilivyomo, na alama ya TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula badala ya iliyokuwa TFDA. Kitu kisicho na orodha kabisa, kama ubuyu na barafu za rangi za kufunga mikononi, huwezi kujua kilichomo. Rangi yenyewe huweza kuwa si ya chakula.

Mwisho, nimeulizwa mara nyingi kama mtoto anayeharisha apewe juisi au soda "arudishe nguvu". Asipewe. Sukari ile itamzidishia. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS) yaliyochanganywa na lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kidogo kidogo, kila anapoharisha, na aendelee kunyonya na kula. Zinki atapewa kituoni, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya miezi sita apewe miligramu 10. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, mtoto amelegea au hawezi kunywa, usisubiri kupambazuke.

Wabillahi tawfiq.